Siku Diwani Alipotolewa Kwanza

Mwaka juzi shemeji yangu alishikwa na moyo akiwa mezani, tonge mkononi. Akakimbizwa Nairobi, na huko wakamfungua mshipa uliokuwa umeziba. Tulipokwenda kumwona, daktari mmoja kijana, mwenye viatu vya kung'aa, alituketisha akatueleza kwamba kufungua mshipa ni nusu ya kazi tu. Nyama ya moyo ikishakaa bila damu, alisema, damu hiyohiyo ikirudi kwa ghafla huweza kuijeruhi upya, moyo ukaanza kupiga ovyo au ukanyamaza kabisa. Ndiyo maana siku hizi wanahangaika kutafuta namna ya kuukinga moyo wakati damu inaporudi.

Dada yangu akashika mdomo. "Yaani mtu aponyeshwe, halafu auawe na damu yake mwenyewe?"

Mimi sikushangaa. Ndugu wa ugonjwa huo nilimwona zamani, mchana mweupe, mtu akiwa ameketi juu ya blanketi anatoa hotuba. Na ilibaki kidogo nimfuate. Kilichoniokoa ni kwamba sikuwa mtu wa maana.

Wakati huo nilikuwa msichana mkubwa wa kujitegemea, nimepanga chumba mtaa wa Bulla Pesa, mjini Isiolo, nauza viazi na vitunguu nilivyoteremsha kutoka kwetu Meru. Ilikuwa miaka ya vile vita ambavyo serikali haikupenda viitwe vita. Ilisema ni shifta tu, majambazi wachache wa porini. Kwa ajili ya majambazi hao wachache ikatuletea jeshi, kafyu, na amri kwamba gari lolote linaloelekea mashariki liende kwa msafara wenye askari mbele na nyuma. Wafugaji wa huko, Waborana na Wasomali, walikusanywa vijijini wakazungushiwa miiba, ngamia wao wakapigwa risasi kwa kosa la kubeba maadui, kisha wakapelekewa mahindi ya msaada na kutarajiwa wapige makofi.

Diwani wetu ndiye aliyependa kuyapeleka hayo mahindi. Alikuwa bwana mnene, mwenye tai shingoni hata kwenye jua la Isiolo ambalo mbuzi wenyewe hulikimbia, na alikuwa na tabia ya kujitaja kama vile anamzungumzia mtu mwingine anayemheshimu sana. "Diwani hapendi kelele." "Diwani ameshakula." Mara ya kwanza ukimsikia unageuka nyuma kumtafuta huyo diwani.

Asubuhi hiyo lori la mahindi lilikuwa linakwenda Kinna, huko mashariki, na mimi nilikuwa na magunia yangu mawili ya viazi ninayotaka yafike huko. Nikamwomba.

"Diwani hana ubaya," akasema. "Panda juu. Lakini ukiulizwa, wewe ni kamati."

"Kamati gani, mheshimiwa?"

"Kamati ya chakula."

Basi nikapanda juu ya magunia, mimi na viazi vyangu, kamati kamili. Mbele waliketi dereva, Mturkana mpole asiyependa maneno, na diwani na tai yake.

Lori letu lilikuwa la mwisho. Landrova ya askari iliyotakiwa kukaa nyuma yetu ilikuwa imeharibika mjini, na inspekta aliyeongoza msafara aliona afadhali kuondoka bila mkia kuliko kuchelewa. Sasa, ukiwa wa mwisho kwenye msafara, unakula vumbi la wote waliotangulia. Mimi nilijifunika leso. Diwani alivumilia, akavumilia, kisha nikamsikia akipiga kelele kule mbele.

"Toka kwenye hii njia! Shika ile ya kulia, ivuke laga kule chini!"

Laga, kwa asiyejua, ni mto wa mchanga. Maji hupita siku chache kwa mwaka, siku nyingine zote ni mchanga mtupu na kingo za udongo.

"Mheshimiwa, kule ukingo ni mbovu," dereva akasema.

"Diwani anaijua hii barabara tangu wewe unanyonya! Diwani hali vumbi!"

Dereva akashika ya kulia. Ukingo ukakatika chini ya magurudumu ya kushoto, na lori likalala. Halikuanguka kwa kishindo kama nilivyokuwa nikidhani malori huanguka. Lilijilaza taratibu, kama ng'ombe aliyechoka, na mimi nikarushwa upande ule ule linakolalia. Nilipofumbua macho nilikuwa chali mchangani, magunia kifuani, na paja langu la kulia liko chini ya ukingo wa chuma wa bodi la lori. Mbele kidogo, kupitia kioo kilichovunjika, niliiona tai ya diwani. Alikuwa amebanwa mapaja yote mawili, mlango umejikunja na dashibodi imemshukia.

Msafara haukusimama. Ulikuwa na amri ya kutosimama kwa jambo lolote. Tulisikia ngurumo za magari zikipungua, zikawa kama nzi, zikaisha.

Dereva alitokea dirishani kwa juu, damu usoni. Alijaribu kulisukuma lori kwa mgongo, jambo ambalo hata yeye alijua ni la kujiridhisha tu. Akaondoa magunia kifuani mwangu nikapata kupumua. Kisha diwani akampa amri.

"Rudi mjini kwa miguu. Waambie diwani amebanwa."

"Na huyu mama?"

"Waambie diwani."

Dereva alivua shati lake jeupe akalifunga kwenye fimbo, akalibeba juu ya kichwa kama bendera, maana siku hizo askari walikuwa hawamuulizi habari mtu anayetembea peke yake porini. Nilimwangalia akienda, mgongo wazi na shati hewani, mpaka vichaka vikamficha.

Jua likapanda. Mguu uliuma mpaka nikalia, halafu ukaanza kufa ganzi, halafu ukawa kitu cha mtu mwingine kilichowekwa karibu nami. Diwani alikuwa na chupa ndogo ya brandi mfukoni, ya kifua, alisema, na alikuwa akiinywa kidogokidogo huku akifanya mazoezi ya hotuba ambayo angewapa watu wa Kinna tukifika. Nilisikia habari za maendeleo, nikasikia habari za umoja. Kila alipofika kwenye umoja alikohoa.

Baadaye akanyamaza. Nikadhani amezirai. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Mama wa viazi. Uko macho?"

"Niko."

"Mimi naogopa."

Hakusema diwani anaogopa. Alisema mimi. Nikamwambia hata mimi naogopa, tusali. Tukasali Baba Yetu, yeye kule kwenye vyuma na mimi huku mchangani, na alipokosea maneno nilimrekebisha, naye akakubali kurekebishwa. Naapa kwamba kwa muda ule nilimpenda.

Hatujakaa sana, akatokea mwanamke wa Kiborana akiwaswaga punda wawili waliobeba maji. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mkavu, kitambaa cheusi kichwani. Alituona, akasimama, akawatazama punda wake, akatutazama sisi, kama anayepima nani ana shida zaidi. Kisha akaja.

"Salaam aleikum."

"Usimjibu!" diwani akafoka kule ndani. "Huyo ni mama wa shifta! Amekuja kuhesabu maiti!"

"Aleikum salaam," nikajibu, mimi Mkristo wa kubatizwa. Nilikuwa na kiu.

Mama yule akapiga magoti, akaanza kuchimba mchanga chini ya paja langu kwa mikono miwili, haraka, kama anayetafuta maji. Akachimba mpaka kucha zikagonga mwamba. Akakaa kitako akautazama ule mwamba kwa hasira. Basi akaleta kibuyu.

"Bisaan," akasema, na hilo neno mtu yeyote wa Isiolo analijua, ni maji. Akanishika kichwa akaninywesha. Nikasema basi. Akatikisa kichwa, akaninywesha tena. "Obsi, obsi," akawa ananiambia, yaani vumilia. Alinifunika uso kwa shuka, akawa ananinywesha kila mara, hata nilipokuwa sitaki, maji ya punda yenye ladha ya moshi na ngozi.

Alikwenda na kibuyu kwa diwani, kwenye kile kioo kilichovunjika. Nikasikia, "Toa hicho kitu! Diwani hanywi maji ya shifta!" Kwa hiyo mheshimiwa alikuwa amerudi kazini. Akaendelea na brandi yake.

"Kwa nini huendi?" nikamuuliza yule mama. "Askari wakikukuta hapa watakushika."

Kiswahili chake kilikuwa kidogo. "Wewe nataka mimi nakwenda?"

"Hapana."

"Basi."

Walifika jua limeshapita utosini: Landrova, lori la jeshi lenye winchi, askari wengi kuliko kazi iliyokuwepo, na yule inspekta wa msafara aliyekuwa amegeuzwa njiani kwa redio. Jambo la kwanza walilofanya, kabla ya kututazama sisi, ni kumwelekezea mitutu mwanamke wa Kiborana. Akainua mikono, kibuyu kikiwa bado mkono mmoja, maji yakimwagikia kichwani.

"Nani alipiga gari?" inspekta akauliza.

"Hakuna aliyepiga, bwana," nikasema kutoka chini ya shuka. "Ni ukingo ulikatika."

Akaruka. Hakujua kuna mtu pale. Dereva, maskini, alikuwa amewaambia kweli kwamba tuko wawili, lakini waliposikia neno diwani hawakusikiliza la pili.

"Wewe ni nani?"

"Kamati ya chakula."

Akanitazama kidogo, kisha akaelekea kwa mtu mkubwa.

Pamoja nao alikuja daktari wa mjini. Alikuwa Mhindi mzee, mfupi, suruali imepandishwa karibu na kwapa, na mji mzima ulimkimbia kwa sababu ya hadithi yake moja. Alisomea London wakati wa vita vya dunia, na ukimwendea na malaria, na jino, na mtoto anayehara, ilikuwa lazima akueleze jinsi nyumba za huko zilivyoangukiwa na mabomu, jinsi watu walivyofukuliwa kwenye vifusi wazima, wanacheka, wanaomba chai, na baada ya muda mfupi wakafa. Watu walikuwa wanamkatiza, "Daktari, na hii malaria?" Hata manesi walikuwa wakiisikia London inakuja wanashika ndoo na kutoka.

Sasa alimchungulia diwani kwenye kioo, akanitazama mimi, akashika mkono wangu akapima mapigo, akasimama katikati ya askari na mikono juu.

"Hapana toa! Hapana toa mtu sasa! Kwanza kunywa, kwanza mimi weka dripu, kwanza mimi funga mguu. Hii nyama imekaa bila damu tangu asubuhi, sasa iko na sumu ndani. Wewe inua chuma moja kwa moja, damu ingia, beba sumu yote, peleka kwa moyo. Moyo simama. Mimi naona London—"

Aliposema London, inspekta akafumba macho.

"Daktari, hiyo tumeisikia."

"Basi kama nasikia, fuata!"

"Mtoeni diwani!" ikaja sauti kutoka kwenye vyuma. "Diwani si mgonjwa! Diwani amebanwa! Huyo atoe London yake hapa!"

Askari wakacheka. Nami nilicheka, ingawa kila kicheko kilinipiga nyongani. Inspekta akaamuru mtaimbo. Daktari akasimama mbele ya kile kioo, mikono imetandazwa, wakamsogeza pembeni kwa adabu, kama unavyosogeza kiti. Wakapitia kiooni, wakaupindua mlango, wakaisukuma dashibodi, mheshimiwa akatoka. Wakapiga makofi. Mimi nililia kwa wivu, sitaficha. Nikajisemea, tazama, mtu mwenye cheo hutolewa, na wewe mama wa viazi utakaa hapa mpaka fisi wapige kura.

Wakamkalisha juu ya blanketi chini ya kivuli cha Landrova. Mapaja yalikuwa yamejaa yakabana suruali, lakini uso ulikuwa mzuri. Akaomba mtu amnyooshee tai. Akaomba sigara. Daktari akapiga magoti kando yake na sindano na chupa ya maji ya chumvi, naye akampiga kofi mkononi.

"Ndugu askari," diwani akaanza, "diwani anawashukuru. Serikali hailali. Daktari wetu hapa alitaka diwani abanwe mpaka Krismasi." Wakacheka tena. "Lakini kwa umoja—"

Akakohoa. Akaweka mkono kifuani. Akasema, "Joto," kwa sauti ya kushangaa, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Sigara ikamwangukia kwenye tai. Kisha akaegemea ubavu wa Landrova taratibu, na macho yake yakabaki yananitazama mimi, au mahali nilipokuwa.

Daktari akamlaza, akamkandamiza kifua kwa mikono miwili, akamchoma sindano, akamkandamiza tena mpaka jasho likamdondokea maiti usoni. Hakuna aliyecheka. Mwishowe akakaa kitako mchangani.

Mpaka hapo nilikuwa nikilia nitolewe. Sasa niliona askari wawili wakitazama winchi halafu wakinitazama, nikapiga ukelele, "Murungu wakwa, Mungu wangu! Msiniguse! Mwacheni daktari!"

Inspekta alikuwa amevua kofia. Sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa. "Daktari. Huyu mama tunamfanyaje?"

Mzee akainuka. Akajipangusa magoti, akavuta suruali juu, na nikaona anarudiwa na nguvu zake. Kutoka kwenye mkoba akatoa kopo la unga mweupe. Baadaye niliambiwa lilikuwa lake mwenyewe, la kutuliza kiungulia, maana alikula pilipili kama njugu. Ni ndugu ya magadi tunayotilia maharagwe. Akaita maji. Askari wakatazamana: walikuja na bunduki, na redio, na mtaimbo, lakini maji walikuwa wameyanywa njiani.

"Yeye iko na maji," daktari akasema, akimwonyesha mwanamke wa Kiborana, ambaye bado alikuwa ameinua mikono.

Inspekta akatafuna mdomo, kisha akaashiria mitutu ishushwe. Mama yule akateremsha mikono, akaisugua, akaleta kibuyu. Daktari akavuruga ule unga, nikanywa, ukali wa ajabu, chumvi na sabuni. Nikanywa tena. Akanichoma sindano ya dripu mkononi, na askari mmoja akaambiwa aishike chupa juu. Akaitundika kwenye ncha ya bunduki. Mkono wake ukachoka, chupa ikawa inayumba juu ya pua yangu, mpaka mama wa Kiborana akaichukua bila kuuliza, akaiinua, akasimama nayo kama mti.

Daktari akachukua mkanda wa bunduki akaufunga juu kabisa pajani, akaukaza. Akaweka mipira yake masikioni na kile chuma kifuani mwangu. Akamwambia inspekta, "Sasa inua. Pole. Pole! Hapana kama kuvuta ng'ombe."

Winchi ikalia. Bodi likainuka, wakanivuta, nikauona mguu wangu: mweupe, bapa, na alama ya ukingo wa lori imeandikwa juu yake.

"Mama, sema na mimi," daktari akasema. "Hapana nyamaza hata kidogo. Wewe nauza nini?"

"Viazi."

"Tena?"

"Vitunguu."

Akaulegeza mkanda kidogo. Nikahisi joto likiteremka mguuni, tamu, halafu sindano elfu. Halafu moyo ukaanza. Uliruka kama mbuzi aliyetiwa guniani, ukasimama, nikaona giza la kahawia, ukaruka tena. Daktari akakaza mkanda haraka na kwa mkono wa pili akanichoma dawa. Alisema ni kalisiamu, ya kuupa moyo akili.

"Tena nini? Tena nauza nini?"

"Karoti," nikasema. "Na... na..."

"Nini? Mama! Nini?"

Ilikuwa kabichi. Neno lilikataa kuja, nikaona macho ya mzee yamejaa hofu, nikamhurumia zaidi ya nilivyojihurumia. "Kabichi," nikasema. Akapumua kama aliyetuliwa mzigo.

Alilegeza, akasikiliza, akakaza. Akalegeza tena, akasikiliza. Jua lilikuwa linashuka, inspekta anatazama saa kwa sababu ya kafyu, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia harakisha. Mbuzi ndani ya gunia akapunguza kuruka, akatulia, na mwishowe mkanda ukafunguliwa kabisa nami nikiwa bado niko duniani, nimelowa jasho, natapika magadi.

Walitupakia Landrova moja: mimi, daktari, mama wa Kiborana akishika chupa, na diwani chini ya blanketi. Mjini, getini pa hospitali, polisi alimzuia yule mama.

"Huyu ni nani?"

"Nesi yangu," daktari akasema.

"Nesi asiye na viatu?"

"Nesi ya dripu! Wewe nataka mgonjwa kufa hapa?"

Mama yule akaingia nasi mpaka wodini, akaitundika chupa kwenye msumari, akaniangalia. "Nagaa," akaniambia, amani. Daktari akamwonyesha mlango wa jikoni unaotokea upande wa soko, akaenda. Punda wake sijui kama aliwapata. Jina lake nililiuliza baadaye kwa Waborana wengi, nikaambiwa wanawake warefu wenye punda ni wengi sana.

Nililala pale muda mrefu. Siku za kwanza nilikojoa rangi ya chai ya rangi, na daktari akafurahia hiyo rangi kwa namna ambayo ilinitia aibu, akiwaita manesi waje waone. Alisema ni uchafu wa nyama iliyokufa unatoka kwenye figo, na kwamba yale maji ya kibuyu niliyonyweshwa kwa nguvu asubuhi kutwa ndiyo yaliyozikinga kabla yeye hajafika. Jioni alivuta kiti akanieleza London, nyumba baada ya nyumba. Nilikuwa mgonjwa wake wa pekee asiyeweza kutoka mbio. Niliisikiliza yote, na nilipoisikiliza yote ndipo nikaelewa kwamba mwishoni mwake kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kulifikia: hao waliokuwa wakicheka na kuomba chai, yeye ndiye aliyekuwa akiwavuta kutoka kwenye vifusi, kijana mwenye nguvu na haraka, kabla mtu yeyote hajajua.

"Mimi navuta," alisema. "Wao nasema asante, daktari. Halafu nakufa."

Nilimwomba anisogezee maji.

Inspekta alikuja kuniona na pakiti ya biskuti.

"Mama, pole. Unakumbuka milio ya risasi?"

"Hakukuwa na risasi."

"Ulikuwa umezimia."

"Sikuzimia hata kidogo, bwana."

"Ulizimia," akasema kwa upole, akiifungua pakiti ya biskuti, akala moja yeye mwenyewe.

Ndivyo diwani alivyouawa na shifta. Alizikwa kwa heshima, askari walipiga risasi hewani, na viongozi waliokuja kutoka mbali walieleza jinsi alivyoendelea kuwafyatulia maadui mpaka pumzi ya mwisho, yeye ambaye hakuwa hata na kisu. Baada ya mazishi jeshi likaingia vijiji vya karibu na ile laga kulipiza kisasi, na mbuzi wengi wakakamatwa. Mahindi ya msaada hayakufika Kinna. Yalionekana madukani mjini, magunia yamegeuzwa nje ndani. Viazi vyangu navyo, niliambiwa, viliangamia vitani.

Daktari hakupewa hata asante. Alisemwa kwamba alichelewa. Mwaka uliofuata akahamishwa, na nilisikia kwamba huko alikokwenda wameshaanza kumkimbia.

Siku niliyotoka hospitali nilirudi Bulla Pesa kwa fimbo, mguu mmoja ukiwa umekonda kuliko mwenzake, kama ulivyo mpaka leo. Majirani walijaa chumbani. Mwenye nyumba alileta chai. Wakataka kujua: shifta walikuwa wangapi, walivaa nini, diwani alisema nini alipopigwa.

Nikawaambia kweli. Nikawaambia habari za vumbi na ukingo, na damu iliyorudi ikausimamisha moyo, na kopo la kiungulia, na mwanamke wa Kiborana aliyesimama na chupa. Nilieleza vizuri, sikuruka kitu. Nikamaliza. Kisha mama wa chumba cha pili akanishika mkono akaubembeleza.

"Pole, dada," akasema, na akawageukia wengine kwa sauti ya chini, ambayo niliisikia. "Kumbe lile lori lilimgonga hata kichwani."